Mwamba wa Ng'iriama

"Mjomba, mbona mvua inanyesha kila mwaka halafu mto unakauka?"

Njoo mbele, wewe uliyeuliza, ukae hapa karibu nami. Hilo ni swali la mtu mwenye macho. Wataalamu walihangaika nalo miaka mingi, na vipimo vyao na picha zao za setilaiti, na jibu lilipopatikana halikumfurahisha kila mtu. Kwa hiyo usione haya kuuliza.

Mito iko mingi. Leo nitawasimulia mmoja tu, Ruaha Mkuu. Vyanzo vyake viko kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, huko Mbeya na Njombe, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Maji yanashuka hadi tambarare ya Usangu, wilayani Mbarali. Yanavuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Yanaingia bwawa la Mtera, yanazungusha mitambo ya umeme ya Mtera na ya Kidatu, kisha yanakutana na Rufiji kuelekea Bahari ya Hindi. Safari ndefu!

Mto huu ulizoea kutembea mwaka mzima. Kiangazi ulikonda, lakini haukukatika. Halafu mwaka 1993 ukakatika. Mwanzoni zilikuwa wiki chache. Miaka iliyofuata ukakatika tena, na tena, na kuna mwaka ulikaa mkavu kama miezi mitatu.

Ndani ya hifadhi ilikuwa taabu. Viboko walibanana kwenye vidimbwi vya tope, hawana pa kuzamia, ngozi zao zinapasuka kwa jua. Samaki walikufa. Tembo walichimba mchanga wa mto kwa miguu na mikonga, wakangoja maji yajichuje chini, wakanywa.

"Nani aliuzima mto, mjomba?"

Ndivyo watu wote walivyouliza. Mmoja alisema ng'ombe. Mwingine alisema mpunga. Mwingine alisema wakata miti wa milimani. Mwingine alisema mvua imegoma. Mimi nasema tumwulize aliyekuwepo siku zote. Tumwulize mwamba.

Shh! Anasema.

"Hamjambo, watoto. Mimi ni mwamba wa Ng'iriama. Nimelala chini ya mto, nimeukatiza kutoka ukingo hadi ukingo, pale maji yanapotoka Ihefu kwenda hifadhini. Kila tone linalotoka Ihefu kwenda kwa viboko hupita juu ya mgongo wangu."

"Mjomba, Ihefu si timu ya mpira?"

Ha! Nilijua mtu ataniuliza. Ndiyo, ilikuwa timu pia, ile ya Mbarali iliyowafunga Yanga mwishoni mwa mwaka 2022 wakati Yanga walikuwa wamesahau kufungwa kunafananaje. Timu ilichukua jina la mahali. Na mahali penyewe ni ardhi oevu, matete na maji na ndege wasiohesabika, kwenye kona ya mashariki ya tambarare ya Usangu. Tumwache mwamba aendelee.

"Nitawaeleza Ihefu ilivyo. Wekeni beseni uani, chini ya bomba. Beseni lenyewe limemeguka ukingo upande mmoja. Fungueni bomba. Maji yataanza lini kumwagika pale palipomeguka?"

"Yakifika pale!"

"Hasa! Yasipofika pale, hata tone halimwagiki, japo beseni lina maji mengi. Basi Ihefu ndiyo beseni, na mimi ndipo pale palipomeguka. Maji yakinipita kimo, mto unatembea. Maji yakishuka chini ya mgongo wangu, mto umekatika. Mimi sijahama, watoto. Nimelala palepale tangu zamani. Kilichobadilika ni bomba."

Mmemsikia? Kilichobadilika ni bomba. Lakini subirini kwanza, kuna jambo moja ambalo watu wazima wengi hulikosa. Beseni hilo liko juani. Jua linakunywa. Matete nayo yanakunywa, maana ni mimea, na mimea haishi kwa hewa tu. Ndiyo maana Ihefu inataka kuingiziwa maji mengi sana ili itoe kidogo sana. Waliopima walikuta hivi: ili nusu mita ya ujazo ya maji ipite juu ya mwamba kila sekunde wakati wa kiangazi, mita za ujazo kama 7 lazima ziingie Ihefu kila sekunde.

"Hizo ni ngapi?"

Haya, tuhesabu kwa madumu yetu ya lita 20. Yaingie madumu 350, yatoke 25. Mengine yote yamekwenda kwa jua, matete, ndege na samaki. Usiseme yamepotea. Ihefu isingekuwa Ihefu bila hayo. Lakini umeona? Ukipunguza kidogo tu yale yanayoingia, jua halipunguzi kunywa. Anayekosa ni yule wa mwisho, aliye ng'ambo ya mwamba.

Sasa tupande juu ya tambarare tuone bomba limefanywa nini. Mwamba hatembei, habari za huko analetewa na korongo.

"Korongo waliniambia," anasema mwamba, "kwamba zamani Usangu ilikuwa mbuga pana ya nyasi. Walikuwapo Wasangu na ng'ombe wao, na mashamba madogo madogo. Mito iliyoshuka kutoka milimani na kudumu mwaka mzima ilikuwa mitano: Ruaha Mkuu wenyewe, Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera. Yote ilinijia. Kisha akaja mtu na jembe, akachimba kamfereji. Nikamwuliza kupitia korongo, unafanya nini? Akanijibu, nachukua kidogo tu. Sikumkataza."

Huyo hakuwa peke yake. Kabla ya Uhuru walikuja Wabulushi, ambao asili yao ni kule mpakani mwa Irani na Pakistani, wakalima mpunga wa mfereji. Wengine wakaona, wakaiga. Nachukua kidogo tu.

Kisha miaka ya 1970 ikaja barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA. Zote mbili zikapita Usangu. Mnajua barabara inafanya nini shambani? Zamani ukilima mpunga mwingi, utaula na nani? Jirani yako naye amelima. Barabara ikifika, gunia lako linaweza kulala Chimala leo na kesho kutwa likawa Dar es Salaam. Kuanzia hapo mpunga ni fedha. Na penye fedha watu husogea. Wakaja Wanyakyusa, Wabena, Wahehe, Wakinga, kila mtu na jembe lake. Ukipita leo barabara ile ya Igawa na Chimala, dirisha la basi linakuonyesha majaruba hadi macho yachoke.

"Majaruba ni nini?"

Ni vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa tuta dogo la udongo ili maji yatuame ndani. Mpunga unapenda kusimama majini.

Serikali nayo ikaja. Ikafungua shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa Wachina. Likafuata la Kapunga, kisha la Madibira, kila moja hekta kama 3,000. Wakulima wadogo waliozunguka mashamba hayo walijifunza humo, wakatengeneza mifereji yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpunga wa mfereji Usangu ulikuwa kati ya hekta 20,000 na 40,000, kutegemea mvua ya mwaka. Picha za setilaiti tangu miaka ya 1970 zinaonyesha wazi: palipokuwa na nyasi na miti, pamekuwa shamba. Huko milimani nako, mabonde yenye unyevu yamelimwa vinyungu vya mboga na mahindi mabichi, vinavyonyweshwa kiangazi. Nachukua kidogo tu. Nachukua kidogo tu.

"Kwa hiyo mashamba ndiyo yamekunywa mto?"

Polepole, mpwa wangu. Umekaribia, lakini hujafika. Masika maji ni mengi sana. Majaruba yanajaa, Ihefu inajaa, mwamba anazama, na bado mto unavimba hadi Mtera. Bwawa lile hutegemea sana mafuriko hayo ya masika. Mpunga wa masika haujamuua kiboko hata mmoja. Tatizo ni miezi mingine, kuanzia Julai hadi Novemba, wakati mito mitano imekonda na kila dumu lina maana.

Na hapo ndipo nataka mnitegee sikio, maana sehemu hii ndiyo ninayoipenda.

Mfereji huanzia kwenye banio. Banio ni kizuizi kinachoziba mto kidogo ili maji yageukie mferejini. Banio la zamani lilikuwa la miti, mawe, majani na udongo. Lilivuja! Maji yalipenya katikati ya vijiti yakaendelea na safari. Na mafuriko yakija, banio lote linabebwa, na wakulima wanaingia mtoni upya, maji kiunoni, kulijenga tena. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Watu wema wakawahurumia. Wakaja wafadhili na mainjinia, wakajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Mlango una usukani juu yake, umepakwa grisi, na mnyororo wenye kufuli. Unazungusha usukani, mlango unapanda, maji yanaingia mferejini. Hakuna kuvuja. Hakuna kujenga upya. Maendeleo!

Ila sasa banio lilikuwa na uwezo ambao vijiti havikuwa nao. Kiangazi, mto ukiwa umekonda, banio la zege liliweza kuugeuza karibu wote. Yale maji yaliyokuwa yanapenya katikati ya vijiti, kumbe ndiyo yaliyokuwa ya Ihefu. Hakuna aliyeyaandika popote kwamba ni ya Ihefu. Yalikuwa ya kuvuja tu.

"Lakini kiangazi mpunga haujapandwa, mjomba. Maji ni ya nini?"

Ah! Nipe mkono wako. Swali hilo ndilo la kuulizwa, na wapo mabosi ambao hawakuliuliza.

Sababu ya kwanza ni bei. Anayevuna mapema, kabla ya wenzake, anauza ghali. Ili avune mapema lazima aoteshe kitalu mapema, Oktoba au Novemba, mto ukiwa mwembamba kuliko siku zote. Kitalu ni kidogo, lakini maji ya kukifikia lazima yapite mfereji mrefu wa udongo, mengine yanazama, mengine yanapotelea kwenye mashamba matupu njiani.

Sababu ya pili ni nyumba zenyewe. Vijiji vingi vilijengwa kando ya mifereji. Mfereji ndio bomba lao. Mama anachota hapo maji ya kupikia, mtoto anaoga hapo, fundi anafyatua tofali hapo, mbuzi wanakunywa hapo. Ukifunga banio mwezi wa Agosti, umefunga bomba la kijiji. Nani atakubali? Basi mlango unaachwa wazi. Maji yanatembea kilomita nyingi kwa ajili ya ndoo chache, na yanayobaki yanatuama kwenye majaruba yasiyo na kitu, jua linayamaliza.

Wataalamu walioufuatilia mto huu kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 walifika hapo. Walikuta kwamba kati ya mwaka 1958 na 2004 maji yaliyoingia ardhi oevu ile miezi ya Julai hadi Novemba yalipungua kwa asilimia 70 hivi. Ihefu ya kiangazi ikasinyaa kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93. Beseni likashuka. Mwamba akatoka nje, mgongo mkavu.

"Mimi sijahama," anasema. "Wengine wote walichukua kidogo tu."

"Na ng'ombe, mjomba? Umesema kuna mtu alisema ng'ombe."

Kweli, sijasahau. Ng'ombe wa Usangu waliongezeka sana pia. Wafugaji Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig na wengine walisogea Usangu kwa sababu walikotoka malisho yalipungua, na Ihefu ilikuwa na nyasi mbichi hata kiangazi. Ng'ombe wengi hukanyaga ardhi ikawa ngumu, hula nyasi zikabaki visiki. Siwezi kusema hawana lao. Lakini kwa maji tu, wapimaji walikuta kwamba ng'ombe wote kwa pamoja hunywa sehemu ndogo sana ukilinganisha na mifereji. Ng'ombe hakuunywa mto. Hata hivyo, mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji Usangu, wengine wakaelekezwa Lindi, safari ya mamia ya kilomita na mifugo yao. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na baadhi ya vijiji vikabishana na mpaka huo miaka mingi. Mimi mjomba wenu nadhani ng'ombe alibeba lawama kubwa kwa sababu anaonekana. Kundi la ng'ombe utaliona vumbi lake toka mbali. Mlango wa chuma ulioachwa wazi mwezi wa Agosti haufanyi vumbi.

"Basi wakulima ndio wabaya?"

Hapana! Wali mliokula Jumapili huenda ulitoka kwao. Mpunga ndio uliojenga nyumba za bati Rujewa na Ubaruku na kulipia sare za shule. Mkulima aliyefungua mlango hakumwona kiboko aliyeko kilomita mia na zaidi huko chini. Aliona kitalu chake kinanyauka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mmenyamaza. Vizuri, maana swali ni gumu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitamka London kwamba Tanzania itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ulifika, ukapita, na kiangazi mto uliendelea kukatika. Nia ilikuwepo, sina shaka. Lakini tamko la London halizungushi usukani wa banio.

"Nini kinazungusha usukani?"

Kisima! Mnashangaa? Kijiji kikipata kisima kizuri, mfereji hauhitajiki kuwa bomba tena, na banio linaweza kufungwa kiangazi bila mama yeyote kulala na kiu. Ili kuwapa viboko maji, mchimbie bibi kisima. Ni ajabu, lakini ndivyo hesabu ilivyo. Cha pili ni zamu. Wanaotumia mto mmoja wanaunda jumuiya ya watumia maji, wanapanga nani afungue siku gani, nani asubiri, na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji inatoa vibali. Mahali pengine zamu zinafuatwa, mahali pengine kufuli huvunjwa usiku. Nisiwafiche.

Kuna mchezo ambao wataalamu waliuleta Usangu miaka ile, ulibuniwa na Mwingereza mmoja, Bruce Lankford. Wakulima waliucheza, na nyie mtaucheza sasa hivi. Leteni ule ubao mpana. Uegemezeni ulale kwa mteremko. Huo ndio mto. Gololi ndizo maji. Kila mmoja achukue vijiti viwili: hayo ni mabanio yake. Wewe mkubwa kaa juu, wewe kati, na wewe mdogo uliyeuliza swali kaa chini kabisa, karibu na Ihefu. Duru ya kwanza, kila mtu ategeshe vijiti anavyotaka, kisha namwaga gololi zote.

Mmeona? Wa juu ana gololi mpaka hajui aziweke wapi. Wa kati ana chache. Wa chini ana mbili, na moja ameiba!

"Sijaiba, imenirukia!"

Sasa duru ya pili. Kabla sijamwaga, kaeni kikao nyie wenyewe. Hesabuni kwanza kila shamba linahitaji gololi ngapi hasa. Halafu amueni kila mmoja aweke vijiti vingapi, na zipi ziachwe zipite hadi sakafuni, kwa viboko. Mimi sisemi kitu.

"Na mkubwa akikataa, mjomba? Yeye si yuko juu, hakosi kitu."

Mwulize yeye. Mwulize anataka nini kutoka kwako ili atoe kijiti kimoja. Huko Usangu, wa chini waliwahi kupanda juu kwenda kuzungumza na wenzao. Haya, gololi ninazo mkononi. Nawasikiliza.